SAFARI YA GULWE, PALE MTO NA RELI VINAPOGOMBEA NJIA MOJA

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmekwisha kulisikia jina la Gulwe katika redio wakati wa kifuku, tena kwa habari ile ile: maji yamekata reli kati ya Kilosa na Gulwe, abiria na wangoje. Jina hutajwa, kisha husahauliwa mpaka mvua za mwaka mwingine. Mimi nami nililijua hivyo hivyo tu, kama jina la habari mbaya. Mwaka huu nikasema, heri niende nikapaone mahali penyewe na kuwauliza wenye mji wanafanya nini.

Niliondoka Dodoma alfajiri kwa basi. Ukifika Mbande waiacha barabara kuu ya Morogoro, unaingia kulia kwenda Kongwa na Mpwapwa. Wazee wetu walioko Kongwa wakumbuka ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951. Matrekta yalikuja kwa mamia, na reli ya pekee ikajengwa kutoka Msagali kuja Kongwa na Hogoro ili kubeba karanga. Karanga hazikupatikana za kutosha, maana mvua ya Ugogo haikufuata hesabu za London. Reli ile iling'olewa zamani. Nayataja haya kwa kupita, lakini nilipokuwa Gulwe yalinirudia kichwani mara nyingi.

Mpwapwa ni mji wa chini ya milima, una miti na hewa nzuri. Pale nikapata pikipiki ya kunishusha Gulwe. Njia yateremka kusini, katikati ya mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na mibuyu imesimama kama wazee waliokuja barazani. Ghafula nchi yafunguka, nawe waona bonde pana la mchanga. Huo ndio mto Kinyasungwe.

MTO USIO NA MAJI

Msomaji angecheka kama angekuwa nami. Mto wenyewe, ule unaosimamisha treni za kwenda mpaka Kigoma, ulikuwa mkavu! Mchanga mweupe mtupu, upana wake mkubwa, na mbuzi wakipita katikati. Akina mama wawili walikuwa wamechimba shimo mchangani, wakiteka maji polepole kwa kikombe na kujaza ndoo. Nikawasalimu kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" wakaitikia wakicheka matamshi yangu. Mmoja akaniuliza, "Mgeni, umekuja kuangalia mto? Umekuja siku mbaya. Leo amelala."

Na kweli hulala. Mvua ya sehemu hizi ni chache, kiasi cha milimita 500 au 600 kwa mwaka, tena yote huja kati ya Desemba na Aprili. Lakini haiji kwa utaratibu. Hupiga kwa kishindo saa mbili tatu juu ya milima, juu ya ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu, na maji hayana nafasi ya kuzama. Yashuka yote pamoja. Kinyasungwe waanzia mbali huko upande wa Dodoma, wapokea makorongo mengi njiani, na hapa Gulwe waingiliwa na mto Maswala unaotoka milimani. Mbele ya Gulwe bonde lajibana kati ya milima, likipita Godegode, Kidete, Mzaganza na Munisagara mpaka Kilosa. Huko mto huitwa Mkondoa, kisha waungana na Wami kwenda baharini. Basi fikirini: maji ya nchi pana namna hii yaingia katika mlango mwembamba, na ndani ya mlango huo huo reli imelala kando ya mto, kwa kilometa themanini na ushei kutoka Kilosa hata Gulwe.

Watu huuliza, je, Wadachi walikuwa wajinga hata wakaijenga reli mtoni? La, hawakuwa wajinga. Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Dodoma mwaka 1910. Kilosa ni kama meta 500 juu ya bahari, na Dodoma ni zaidi ya meta 1,100. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima kama mbuzi. Lataka njia inayoinuka kidogo kidogo, na njia ya namna hiyo imechongwa na mto peke yake. Hata misafara ya zamani ilijua. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alipita bonde hili hili mwezi wa Mei baada ya kuteswa sana na mvua na matope ya Makata, ndipo akafika Mpwapwa. Kwa hiyo mto ulikuwa wa kwanza, msafara ukafuata, kisha reli. Mwenye njia ni mto, na wengine wote ni wapangaji.

MAMBO YA MWAKA 2009 NA 2010

Stesheni ya zamani ya Gulwe bado ipo, na karibu yake nyumba na vibanda vya biashara. Nilikaa kivulini na mzee mmoja aliyefanya kazi ya gengi la reli miaka mingi. Alinikaribisha ugali wa uwele kwa mlenda, na tulipokwisha kunawa akaanza.

"Mwanangu," akasema, "watu wa mjini hudhani reli yavunjwa na maji. Reli yavunjwa na mchanga. Maji hupita yakaenda zake. Mchanga haupiti, wakaa."

Akanichukua mpaka kwenye karavati moja chini ya tuta. Nikainama kuchungulia. Tundu ambalo, kwa maneno yake, zamani mtu aliweza kupita amesimama, sasa laweza kupitisha mbwa tu. Limejaa mchanga. Mvua ikija, maji hukosa tundu, hupanda juu ya tuta, hula kokoto, na reli hubaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi. Wakati mwingine mto wenyewe hujaza kitanda chake, ukatafuta mahali pengine pa kupita, na mahali penyewe pakawa shamba la mtu.

Mafuriko makubwa wanayoyakumbuka wote ni yale ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010. Maelfu ya watu wa Kilosa na wa wilaya hii ya Mpwapwa walikosa makao. Reli ilikatwa mahali pengi, na kwa miezi kadhaa treni hazikupita kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza. Ndugu zetu wa Kigoma wajua maana yake: saruji ilipanda bei, na mizigo ya Burundi na Kongo ikahamia kwenye malori. Hata baada ya kutengenezwa, maji yalirudi tena na tena katika miaka iliyofuata.

"Usiku ule," mzee akasema, "tuliwapandisha watoto juu ya tuta, maana ndipo palipokuwa pakavu. Na asubuhi tukaona ni tuta hilo hilo lililoyazuia maji yakabaki upande wetu. Sasa sema wewe uliyesoma, tuta ni rafiki au adui?"

Sikuwa na jibu. Alinionyesha nguzo ya nyumba yake, alipokata alama kwa panga kuonyesha maji yalipofika. Alama ilikuwa juu ya kiuno changu.

WATU WENGI, KAZI MOJA

Baada ya misiba hiyo yalianza mashauri makubwa. Kati ya mwaka 2014 na 2016 wataalamu wa Japani, kwa njia ya shirika lao la JICA, walilipima bonde hili lote pamoja na watu wetu. Wajapani wana milima mikali na mvua kali, nao wana elimu yao ya miaka mingi ya kuzuia mchanga usishuke: vizuizi vidogo vidogo katika makorongo, ngazi baada ya ngazi, kabla maji hayajapata nguvu. Mwaka 2014 Benki ya Dunia nayo ilikubali kutoa dola milioni 300 kutengeneza reli ya zamani kutoka Dar es Salaam mpaka Isaka, kilometa 970. Awamu ya pili ya mpango huo iliitazama hasa sehemu hii ya Kilosa, Gulwe na Igandu, na shida yake ya mafuriko.

Tena kuna mabwawa. Shauri ni hili: maji yakishikwa huko juu na kuachiliwa polepole, hayatafika Gulwe kwa kishindo. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ilianza kujenga bwawa la Msagali, juu kidogo ya hapa, ambalo litamwagilia mashamba na papo hapo kupunguza nguvu ya mto. Ziwa Kimagai la upande wa Godegode nalo latajwa katika mashauri hayo, na huko chini kuna habari ya bwawa la Kidete, lililobomoka, ambalo watu wa Kilosa wamelililia muda mrefu lijengwe upya.

Na reli mpya ya umeme ipo. Mnamo 2024 ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, nayo ina stesheni yake hapa Gulwe. Njia yake imeinuliwa, madaraja yake ni marefu, na karibu na Kilosa imepenya milima kwa mahandaki. Nilipoitazama kutoka chini, nikamwona mzee naye ameinua kichwa. "Hii imejifunza," akasema, kisha akaongeza, "lakini mchanga haujaiona bado vizuri."

Sasa nataka kusema jambo ambalo labda wakubwa hawatalipenda. Ukisikia mashauri haya yote, wadhani kazi yote ni ya saruji. Lakini bwawa nalo hujaa mchanga. Tunao ushahidi wetu wenyewe. Bwawa la Ikowa, katika maji haya haya ya Kinyasungwe, lilijengwa miaka ya 1950. Halikumaliza miaka ishirini kabla wataalamu wa Sweden na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulipima pamoja na mengine ya karibu na Dodoma, na habari zao zikachapwa mwaka 1972. Waliona udongo walijaza kwa haraka, hata umri wa mabwawa ya namna hiyo ulihesabiwa kwa miaka michache, kama umri wa paa la nyumba. Basi kama Msagali itajengwa na milima ikaachwa wazi, wajukuu wetu watarithi uwanja wa mchanga wenye ukuta mzuri.

HESABU YA MPWAPWA

Jambo la ajabu ni kwamba dawa yake ilijulikana hapa hapa, tena zamani. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha mifugo cha Mpwapwa, walikata viwanja vidogo kwenye mteremko usio mkali, wakakinga maji na udongo uliotoka katika kila kiwanja, wakapima. Kiwanja kilichoachwa kitupu bila jani kilipoteza nusu ya mvua yote, ikatiririka bure; na udongo uliochukuliwa ulifika tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kiwanja cha mtama kilipoteza robo ya mvua na tani 78. Kiwanja chenye majani hakikupoteza udongo wa kuhesabika, na maji yaliyotoka yalikuwa kama mbili tu katika mia. Na kichaka kisichochungwa, hata moja katika mia haikufika.

Someni tena hesabu hizo, akina baba wenye mashamba ya milimani. Mvua ni ile ile, na mteremko ni ule ule.

Niliuliza mahali watu wanapojaribu kuitumia elimu hiyo, nikaambiwa nipande juu kwenye vitongoji. Huko nilimkuta mama mmoja mjane katika shamba lake. Shamba lake la kwanza lilikuwa bondeni, akaliacha baada ya mto kulifunika kwa mchanga kimo cha mtoto. Sasa analima mteremkoni, na kwa mara ya kwanza nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tu: Kisiki Hai.

Kazi hii yaenezwa katika Dodoma na LEAD Foundation, ambayo makao yake ni Mpwapwa, pamoja na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Haitaki miche wala fedha. Shambani mwako vimo visiki vya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake haijafa. Kila mwaka yachipua, na kila mwaka wewe waifyeka kwa jembe. Basi uchague chipukizi mbili tatu zilizonyooka, upunguze nyingine, ufunge kitambaa ili kila mtu ajue mti huu una mwenyewe, kisha uulinde. Kwa kuwa mizizi ni mikubwa tayari, mti hukua upesi kuliko mche uliotoka kitaluni. Mashirika hayo yaliwaonyesha watu pia kuchimba vishimo vya nusu mwezi vya kukinga maji. Huko Pembamoto katika wilaya ya Kongwa nyasi zilirudi mahali palipokuwa uwanda mtupu.

Mama yule alikuwa na miti yake kama thelathini, imefungwa vipande vya kanga kuukuu. Alinionyesha pia matuta aliyochimba kukata mteremko. Nikamsifu. Akanitazama kwa macho ya uchovu.

"Baba, usinisifu mimi peke yangu," akasema. "Njoo mwezi wa tisa uone mbuzi wa jirani zangu. Mimi nalinda mchana. Usiku nani atalinda? Na nikiwaambia, wanasema, wewe mama wataka mbuzi wale nini, kitambaa?"

Hapo ndipo penye shida yenyewe, ndugu zangu. Mwenye mbuzi si mtu mbaya. Uwele ukikauka, mbuzi ndiye akiba yake, ndiye karo ya mtoto na ndiye dawa ya mgonjwa. Anayeumizwa na mchanga yuko chini Gulwe, au Kilosa, au Kigoma anakongojea treni. Anayeombwa kuacha kuchunga yuko juu mlimani, wala treni hapandi. Mtu wa juu anaombwa ajinyime kwa ajili ya mtu wa chini asiyemjua.

Zamani Serikali ilijaribu kwa amri. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu ya Kondoa iliyoharibika sana. Nchi ilipona, hilo ni kweli. Miti na majani yalirudi. Lakini watu waliotengwa na ng'ombe zao walinung'unika miaka mingi, na wengine walirudisha mifugo kwa siri. Amri huponya mlima kabla haijamponya jirani.

Jioni hiyo nilikaa na wanaume wa kitongoji chini ya mbuyu. Mzungumzo ulikuwa juu ya jambo hili hili, na mama yule alikuwapo. Kijana mmoja mwenye mifugo alisema wazi: "Wanaojenga reli wanalipwa. Wanaojenga bwawa wanalipwa. Mimi nikifunga mbuzi zangu, nalipwa na nani?" Wengine walimzomea, lakini mzee mwenyekiti akawanyamazisha. Akasema swali hilo si la upuuzi, na kwamba yeye atalipeleka kwa hao hao wenye miradi: badala ya kuwaleta vibarua wa mbali kupanga mawe katika makorongo, wawaajiri vijana wa kitongoji, na mshahara huo uwe ndio badala ya malisho ya mlima. Mwingine akataka majani yatakayoota katika sehemu iliyofungwa yakatwe na kugawiwa wenye mifugo wakati wa kiangazi, mzigo kwa mzigo. Mama mjane akasema hilo atalikubali, ila mkataji asiwe na mbuzi nyuma yake. Wakacheka wote, hata yule kijana.

Hawakumaliza shauri usiku ule. Waliahidiana kukutana tena, na kila mwenye mbuzi aje na hesabu yake ya kweli. Jambo hilo la hesabu ya kweli lilileta kicheko cha pili, maana ninyi mwajua jinsi Mgogo asivyopenda kuhesabiwa mifugo mbele ya watu.

Mimi nawapa haki. Wajapani na Benki na Serikali walipima mto, nao wamefanya vema. Lakini shauri la mbuzi ni shauri la reli pia, na mahali pake ni chini ya mbuyu kama vile mahali pa shauri la saruji ni ofisini. Karanga za Kongwa zilitufundisha mengi kuhusu ofisi peke yake.

Asubuhi nilirudi stesheni kungoja gari la kunipandisha Mpwapwa. Mawingu yalikuwa yameanza kusimama juu ya milima ya upande wa Kibakwe, na watu walioingia na mizigo yao waliyatazama bila kusema. Treni ya umeme ilipita juu, haikusimama. Ilikuwa kama upepo, kisha kimya. Nikamtafuta mzee wangu wa gengi ili nimuage. Sikumkuta kwake. Mke wake akanielekeza kwa kidole, nami nikamwona mbali, kwenye lile karavati, ameinama na koleo. Alistaafu miaka mingi, hana mshahara wa kazi ile. Wajukuu wake wawili walikuwa wakichukua mchanga kwa karai na kuumwaga ng'ambo ya pili ya tuta.

"Mzee," nikamwita, "utaumaliza?"

"Siumalizi," akajibu bila kuinuka. "Naufungulia tundu tu. Mvua ni kesho au kesho kutwa."